Shuka Juu ya Tangi la Samaki

Fundi huyu wateja walimwita Baridi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na hata ukimletea friji iliyokwisha kutapika gesi yote, hakupandisha sauti wala kukunja uso. Alikuambia tu, "Iache hapo, tutaongea nayo." Kwa mkewe alikuwa Baba Wawili, kwa ajili ya mabinti wao ambao sasa walikuwa watu wazima wenye makwao. Na kwa mtu mmoja peke yake duniani, dada yake, alikuwa Kitinda, yaani kitindamimba, wa mwisho kutoka tumboni mwa mama yao. Walizaliwa wawili tu, dada akiwa amemtangulia kwa miaka saba.

Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine huweka televisheni, Baridi aliweka tangi la samaki. Alilijenga mwenyewe kwa vioo vya friji ya duka ambayo mashine yake ilikufa na mwenyewe hakurudi kuichukua. Alivikata, akaviunga kwa silikoni, akaviacha vikauke wiki nzima, kisha akalipandisha tangi juu ya meza ya chuma na kulijaza maji. Mwanzoni alifuga samaki wa rangi zote, vurugu tupu, huyu anamng'ata mkia yule. Mpaka siku moja muuza samaki wa mapambo alipomwita nyuma ya duka na kumwonyesha jozi moja kwenye ndoo.

Walikuwa siklidi wa jamii ndogo, dume urefu wa kidole cha kati, jike urefu wa kidole cha mwisho. Kwa kawaida samaki hao huwa na mstari mweusi ubavuni na madoa mkiani. Hawa hawakuwa na mstari wala doa. Walikuwa weupe kama maziwa yaliyoangukiwa na tone la chai, macho mekundu, na tumbo la jike lilikuwa na wekundu laini kama shavu lililofinywa.

"Albino," muuzaji akasema. "Wameshazoeana hawa. Usije ukawatenganisha."

Baridi aliwapenda. Hilo lazima lisemwe mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani hakuwapenda, kwamba alikuwa akijionyesha tu. Aliwapenda kweli. Wale samaki wengine aliwagawa wote. Alitafuta mchanga mlaini, akauosha ndoo saba mpaka maji yakatoka safi. Akalaza chini chungu cha maua kilichovunjika mdomo, kwa kuwa samaki hawa hutaga ndani ya pango. Kisha akafunga taa juu ya tangi, taa nyeupe kali aliyoitoa kwenye friji ya kuonyeshea vinywaji, na samaki wakang'aa mle ndani kama vijiko vipya.

Watu walikuja kuwaona. Majirani, wateja, ndugu wa mke. Kwenye kikundi cha wafugaji katika simu, kila akituma picha, wenzake walimjaza sifa mpaka akapata jina jingine, Mwenye Weupe. Mgeni akiingia, kabla hajakaa, Baridi alikuwa tayari amewasha taa. "Sogea uone. Hawa hawapatikani ovyo." Kilichomtatiza ni kimoja tu. Mara tano jike alitaga chunguni, na mara tano, kabla ya siku ya tatu, aliyala mayai yake yote.

Alhamisi moja asubuhi, akiwa anabadilisha maji kwa mpira na ndoo, simu ikalia. Alikuwa dada yake.

"Kitinda, nina kidonda sikioni hakiponi. Daktari wa huku anasema nije huko kwenye hospitali kubwa wakikate. Nitakuwa huko kama wiki tatu. Kwako pana nafasi?"

"Ipo, Dada. Nafasi ipo siku zote."

Alipokata simu alikuta ndoo imefurika na maji yamefika mlangoni. Akachukua tambara akaanza kupangusa, na huku anapangusa akamtazama jike mweupe nyuma ya kioo, na uso ukamwaka moto.

Dada yake alizaliwa na ualbino. Walikua pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na neno. Alimbeba Baridi mgongoni, alimfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, alimpiga akikojoa kitandani. Neno lilikuwa nje. Nje watoto walimwita zeruzeru, wakakimbia na kucheka. Baridi alipoanza shule aligundua kwamba akitembea na dada yake, naye anakimbiwa. Akajifunza kutembea nyuma hatua ishirini. Siku moja, akiwa na miaka kumi na mbili, alisahau daftari nyumbani, na dada akamfuata nalo hadi getini. Wenzake wakamwuliza, "Yule nani wako?" Akasema, "Simjui." Dada alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimwachia mlinzi daftari, akaondoka.

Hayo mtu anaweza kuyasamehe kwa kuwa ni ya mtoto. Lakini Baridi alikuja kufanya jingine akiwa na ndevu. Alipotaka kuoa, shangazi mmoja wa mchumba wake aliuliza, kwa upole tu, kama kwao kuna jambo lolote la kurithi. Akasema hakuna. Uongo ukishatoka mdomoni unataka kulishwa. Siku ya harusi dada alikuja amevaa vizuri, kofia yenye ukingo mpana na gauni la mikono mirefu, na yule shangazi akauliza ni nani. Baridi akasema, "Ni mtoto wa jirani yetu wa zamani. Mama alimlea." Watu wakamgeukia dada. Dada akasema, "Ndiyo. Mama alinilea." Mama yao alikuwa amekaa viti vitatu kutoka pale.

Mkewe aliujua ukweli miaka miwili baadaye, kwenye mazishi ya mama mkwe wake, msomaji wa wasifu aliposema marehemu ameacha watoto wawili. Hakugombana naye. Alimtazama tu usoni kwa muda mrefu, akaenda akakaa na wifi yake upande wa wafiwa. Tangu siku hiyo wawili hao walipigiana simu wenyewe, na salamu zilimfikia Baridi kupitia kwa mkewe, kama barua inayopitia kwa karani.

Sasa dada alikuwa anakuja. Na sebuleni, chini ya taa kali, mdogo wake aliyemkana mbele ya wakwe alikuwa amefuga weupe mwingine, na kwa huo aliita watu waje kustaajabu.

Jumamosi mkewe alimkuta anatoa shuka kabatini, ile nzito ya kahawia.

"Ya nini?"

"Kufunika tangi."

"Tangu lini samaki wakasikia baridi, Baba Wawili?"

"Ni wiki tatu tu."

Mke aliielewa shuka ile kabla hajaelezwa. Aliweka chini nguo alizokuwa akikunja. "Mimi sitasema uongo," akasema. "Wifi akiniuliza, nitamwambia akuulize wewe."

"Sijakuambia useme uongo."

"Hujaniambia. Umefunika tu."

Dada akaja Jumatatu. Alishuka na begi moja lililofungwa kwa makini, miwani myeusi, bandeji sikioni, na kioo cha kukuzia maandishi kikining'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa na miaka sitini na moja na alikuwa amestaafu ualimu mwaka uliotangulia. Alimshika Baridi mabega, akamsogezea uso karibu.

"Umenenepa, au macho yangu yananidanganya?"

"Macho yako, Dada."

"Basi naona vizuri kuliko nilivyodhani."

Nyumbani aliizunguka sebule polepole akitafuta mahali pa kukaa palipo mbali na dirisha, kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Palikuwa na mahali pamoja tu, kwenye kochi la pembeni, bega kwa bega na tangi lililofunikwa. Akaketi. Akaweka mkono juu ya shuka.

"Hiki nini?"

"Friji," Baridi akasema. "Ya mteja. Zile fupi za dukani."

"Sebuleni?"

"Karakana imejaa."

Dada akategea sikio lake zima. "Inanguruma kama kijito."

Mke wa Baridi akainuka, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha kwa muda mrefu kuliko vikombe vinavyohitaji.

Ikawa ndiyo hali ya siku zile. Alfajiri, dada akiwa bado amelala, Baridi aliinua pembe ya shuka na kudondosha chakula, kisha akairudisha upesi kama mtu anayefunga suruali. Taa hakuiwasha. Hakuweza kuona kitu zaidi ya dume akipita kama kivuli. Jike hakutoka chunguni. Akajua ametaga tena, na kwamba safari hii atayala mayai bila hata kutazamwa. Mchana dada alikaa palepale kochini, akasikiliza redio, akamsahihisha mtangazaji hesabu zake. Mara moja Baridi aliwaza kwamba hata shuka ikianguka, dada kwa macho yale asingeona kitu. Wazo hilo lilimpita haraka, lakini lilimwachia uchafu moyoni, na siku nzima hakuweza kumtazama.

Siku ya nne walikwenda hospitali. Foleni ya mapokezi ilikuwa ndefu. Mbele yao alisimama meneja wa hoteli moja, mteja mkubwa wa Baridi, mwenye friji kumi na mbili jikoni kwake. Wakasalimiana, wakazungumza habari za kompresa. Meneja akamtupia dada jicho, akarudisha macho kwa Baridi, hakuuliza. Zamu ikafika. Karani wa mapokezi, msichana mwenye kalamu mbili nyweleni, akachukua karatasi za dada, akamgeukia Baridi.

"Na wewe ni nani wake?"

Ni swali jepesi. Hata mtoto angelijibu. Lakini meneja alikuwa bado yupo pembeni akikunja risiti yake, na mdomo wa Baridi ukaenda mbele ya akili.

"Nimemleta tu."

"Hapa atie sahihi ndugu," karani akasema. "Ni upasuaji, hata kama ni mdogo. Yuko wapi ndugu yake?"

"Basi," Baridi akasema. "Ni dada yangu."

Karani akaandika. Kwake lilikuwa jibu kama majibu mengine. Lakini lile neno "basi" lilibaki hewani, neno la mtu aliyebanwa mpaka akakubali kupokea mzigo. Dada alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, ameinamisha kofia. Aliuliza tu chumba cha upasuaji ni kipi, akaongozwa.

Baridi aliketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba kile, na kila mtu aliyepita alimwona kama amemsikia. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa ameamini kwa muda mrefu kwamba yule aliyesema "simjui" getini alikuwa mtoto, na yule wa harusini alikuwa kijana mwenye hofu ya wakwe. Sasa huyu wa leo alikuwa nani? Hakuna shangazi aliyemwuliza habari za damu. Hakuna mchumba wa kumpoteza. Palikuwa na meneja mwenye friji, basi.

Walimtoa dada na bandeji kubwa iliyofunika nusu ya kichwa. Njia nzima alizungumza habari za daktari, kwamba ana mikono myepesi lakini anapiga miluzi akishona. Baridi aliitikia. Alitaka kusema, na kila alipofungua mdomo alikuta pana maneno mengine yametangulia: umechoka, unataka maji, tuko karibu kufika.

Zikapita siku tano. Siku ya tisa ya ugeni, Baridi alirudi kutoka karakana saa nane mchana kuchukua spana aliyoisahau. Mkewe alikuwa kazini. Alifungua mlango na kwanza akaiona shuka. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imelazwa juu ya mkono wa kochi, pembe kwa pembe. Kisha akamwona dada yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya tangi, pua karibu inagusa kioo, amebana jicho moja nyuma ya kioo chake cha kukuzia. Sakafuni palikuwa na ndoo na tambara lililokamuliwa.

"Friji yako ilikuwa inavuja," dada akasema bila kugeuka. "Pembe ya shuka ilitumbukia majini, ikawa inayavuta na kuyadondosha nje. Nikakanyaga majimaji. Nikajikagua kwanza mwenyewe. Kwa umri huu mtu huanza kujishuku."

"Samahani, Dada."

"Ya maji au ya friji?"

Baridi alibaki mlangoni na mkono kwenye kitasa. Alitamani arudi nje afunge mlango taratibu.

"Njoo uone," dada akasema. "Kuna watoto humu. Wengi, kama vumbi. Mama yao si huyu mwenye tumbo jekundu?"

Akaenda, akapiga magoti. Kweli. Mbele ya chungu, chini kabisa karibu na mchanga, kilielea kiwingu cha vitu vidogo kuliko mbegu za nyanya, vyeupe, kila kimoja na vidoti viwili vyekundu vya macho. Jike alikuwa juu yao. Akisogea, kiwingu kinasogea. Akitikisa mapezi, wote wanatua mchangani. Furaha ikamruka Baridi kifuani, na mara akaionea aibu, kama mtu aliyecheka matangani.

"Hawajawahi kufika hapa," akasema. "Alikuwa anayala mayai."

"Taa hii uliiwasha?"

"Kila siku. Na wageni wakija."

"Hebu iwashe."

Akawasha. Jike akapiga kona na kutokomea chunguni, dume akajibanza nyuma ya jiwe, watoto wakazama. Dada naye aligeuza uso, akafunika macho kwa kiganja.

"Zima."

Akazima.

"Huyu mama ulikuwa unamzalisha uwanjani saa sita mchana," dada akasema. "Ningekuwa mimi, ningefanya nini? Sijui. Mimi si samaki." Akashusha kioo chake kifuani. "Sikiliza, Kitinda. Ungeniambia una samaki weupe, ningekuuliza wanakula nini, tukaendelea na chai. Samaki hawajanikosea kitu. Shuka ndiyo iliyonieleza mengine. Kwa nini uliwafunika?"

"Niliogopa utawaona." Akaitazama shuka. "Niliogopa utaniona mimi."

"Nimekuona hospitali."

Hapo Baridi akakaa sakafuni kabisa, palepale kwenye ubichi. Akaanza kusema. Alianzia mbali, getini pa shule, daftari, mlinzi, "simjui". Jambo hilo alikuwa amelibeba miaka arobaini na miwili, na alilieleza kwa utaratibu, bila kujipunguzia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo siikumbuki."

"Huikumbuki?"

"Siku za namna hiyo zilikuwa nyingi, Kitinda. Ningekumbuka ipi niache ipi?"

Ikawa kama amepigwa kofi la upande asioutazamia. Kumbe donda lake kubwa lilikuwa tone moja tu katika mvua iliyomnyeshea mwenzake.

"Lakini harusi naikumbuka," dada akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Si kwa sababu yako. Wewe ulisema lako. Naikumbuka kwa sababu na mimi nilisema. 'Mama alinilea.' Nilimkana mama yangu mzazi, yuko viti vitatu kutoka kwangu, ili wewe upate mke. Na alisikia. Hatukulizungumza mpaka akafa. Kila nikimtembelea nasema leo nitamwambia, naishia kumkata kucha."

Tangi likanguruma. Samaki jike alikuwa ametoa kichwa nje ya chungu.

"Umenisamehe, Dada?"

"Watu huuliza hivyo kama wanaouliza saa." Alifikiri. "Sijui. Nilikuzoea. Kuzoea si kusamehe, lakini nako kunampa mtu usingizi."

"Nifanye nini?"

"Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Mtoto akikosea ubaoni, hasahihishi daftarini kwake kimyakimya. Anarudi ubaoni."

Baridi alielewa ubao ni upi.

Ilimchukua siku mbili kupiga simu. Alimwalika kaka mkubwa wa mkewe na mke wake waje kunywa chai Jumamosi alasiri. Shemeji huyo alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu mzito wa mwili na wa maneno, na tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo ule. Walikuja, wakasalimiana na dada vizuri, wakamwuliza habari za sikio. Mke wa Baridi alimimina chai. Alikuwa hajaambiwa kitakachosemwa, lakini alipomwona mumewe anasimama katikati ya sebule yake mwenyewe kama shahidi mahakamani, aliiweka birika chini.

"Shemeji," Baridi akasema. Akaanza upya. "Shemeji. Huyu ni dada yangu. Tumbo moja. Siku ya harusi niliwaambia ni mtoto wa jirani. Niliwadanganya. Nilimwonea aibu. Yeye akakubali ili anisitiri. Nilitaka niliseme mbele yenu na yeye akiwepo."

Alitegemea hasira, au mshangao. Shemeji alikuwa anakoroga chai. Aliendelea kuikoroga.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua tangu kwenye mazishi?"

"Tangu siku ileile. Mna pua moja. Halafu mama yenu alikuwa analia pale kitini. Sisi wanaume tukadhani ni furaha ya kumwoza mwana. Mke wangu akasema hapana, yule mama ameumizwa." Mkewe, pembeni yake, aliitikia kwa kichwa. "Dada yetu, mkeo, hatukumwambia. Nyumba ilikuwa changa, hatukutaka kumtilia mchanga."

"Na hamkuniambia hata mimi. Miaka yote hii."

"Baba alikataza. Alisema, mwacheni, aibu ni mali yake. Siku akiichoka ataitua mwenyewe. Tukangoja." Akaweka kijiko chini. "Baba amekufa anangoja."

Baridi akarudi kitini. Akawakumbuka wakwe wale, vikao vyote alivyokaa nao, mambo aliyoyatolea ushauri, mara zote alizozungumza juu ya uaminifu wa watu wa siku hizi, na mzee yule akimsikiliza kwa adabu na kumwambia, ni kweli, mwanangu. Alikuwa amemsifu kwa wenzake kuwa ni mkwe asiyepekua. Sasa alijua kwamba kila mara mzee alipomtazama kimya, alikuwa anamwachia mlango wazi.

Mkewe alimjazia kikombe bila kumtazama. Aliyeanza alikuwa dada. "Pua hii," akasema, "ni ya baba yetu. Mimi ndiye niliyestahili kuikataa." Shemeji akacheka kwa tumbo, mkewe akafuata, hata mke wa Baridi akajikuta anacheka na kufuta macho. Baridi hakucheka. Hakuona kama ana haki.

Nyuzi zikatolewa wiki iliyofuata. Daktari wa miluzi alisema kipande kimepelekwa maabara, na majibu yalipokuja yalisema kingo ni safi, hakuna kilichobaki, ila asikose kurudi kila miezi sita. Katika tangi watoto thelathini na kitu walikuwa wamefikia ukubwa wa punje ya mchele. Baridi alifungua ile taa akaitia kwenye kopo la vyuma chakavu, na juu ya maji akatandaza majani yanayoelea ili yalete kivuli. Kwenye kikundi wafugaji waliomba picha za watoto wa Mwenye Weupe, na siri ya mafanikio. Akaandika kwamba siri ni giza, na kwamba aliyeligundua ni dada yake, ambaye ana ualbino. Alikaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe kabla hajatuma. Wengi walijibu kwa alama ya dole gumba. Mmoja aliuliza samaki wanakula nini.

Alimpa dada jozi ya kwenda nayo, akakataa. "Sina mkono wa kufuga. Mimea yenyewe inaniomba talaka."

Asubuhi ya kuondoka walifika kituo cha mabasi mapema, wakakaa upande wa kivuli. Baridi alimshikia begi. Alikuwa ametafuta la kusema tangu nyumbani, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyogundua kwamba hajui chochote cha kuanzia. Watu wakimwuliza habari za dada yake, miaka yote alijibu, anafundishafundisha huko. Hakuwahi kuuliza zaidi.

"Dada, ulifundisha miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Shule moja?"

"Tatu. Ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi, miaka tisa."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Na... kulikuwa na mtu? Wa kuishi naye?"

Dada akamgeukia, akavua miwani myeusi ili amwone vizuri, akakunja macho. "Swali hilo unaliuliza leo, na basi limeshawashwa." Akachukua begi lake. "Nipigie Jumapili. Nitakuanzia mwanzo, na usinikatize."

Akampigia Jumapili ile, na Jumapili zilizofuata. Dada alimsimulia kwa mafungu, kama anayefundisha somo refu: shule ya kwanza, chumba alichopanga, mwalimu wa sayansi aliyemchumbia na sababu ya kuachana, mwaka aliougua na nani aliyemuuguza. Baridi alikaa kochini na simu sikioni, akiuliza alipoambiwa aulize. Mafungu mengine yalimhusu yeye, na hayo aliyasikiliza amesimama.